Uokoaji wa kayaki iliyopinduka

Uokoaji wa kayaki ni msaada anaopewa mpiga kafi ambaye chombo chake kimepinduka. Baharini, kwa mfano Kilifi, ufuo waweza kuwa mbali na hakuna pa kusimama, hivyo lengo ni kumrudisha mtu chomboni hapo hapo. Mwokoaji huvuta omo ya kayaki iliyojaa maji, huilaza juu ya yake hadi maji yamwagike, kisha huishikilia imara mwenzake akipanda. Katika mito ya Thika na Ruiru utaratibu huo hautangulizwi. Hoteli ya Blue Posts mjini Thika iko kati ya maporomoko mawili, ya Chania na ya Thika. Juu ya maporomoko kama hayo mkondo haumpi mtu muda wa kumwaga maji. Tena kayaki iliyojaa maji ni nzito mno, na anayeitangulia mkondoni aweza kubanwa nayo kwenye mwamba. Kwa hiyo aliyepinduka hulala chali, miguu ikitangulia mbele, bila kujaribu kusimama, mpaka arushiwe kamba kutoka ukingoni.

Wapo wanaoshikilia kwamba chombo kisiachwe kamwe, kwa kuwa huelea na huonekana kwa urahisi. Baharini wana haki, na hata mtoni penye kidimbwi kipana. Lakini ukingo wa mto uko karibu, na kayaki inayoelekea maporomokoni humpeleka huko aliyeishika. Aliyejifunzia baharini afundishwe kuiachia kabla hajaingia mtoni.