Matunzo ya mke

Matunzo ya mke, ambayo Waislamu huyaita pia nafaka, ni wajibu wa mume kumpatia mkewe chakula, mavazi na makazi. Katika fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, wajibu huo hutokana hasa na Kurani, sura ya 4, aya ya 34, na sura ya 65, aya ya 7, inayoagiza kila mtu atoe kwa kadiri ya uwezo wake. Katika madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, mke ambaye mumewe hana uwezo wa kumpa matunzo anaweza kumwomba kadhi avunje ndoa.

Tanzania Bara, kifungu cha 63 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamtwika mume wajibu huo kulingana na kipato na hali yake ya maisha. Mke mwenye uwezo naye hutakiwa kumtunza mume asiyeweza kujipatia riziki kwa sababu ya maradhi au majeraha. Umaskini wa mume peke yake haumhamishii mke wajibu huo. Nchini Kenya, Katiba ya 2010, ibara ya 45, inawapa wanandoa haki sawa, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inairuhusu mahakama kumwamuru mwenzi yeyote alipe matunzo.