Majaribio ya usiku yanasomwa na nani?

Nipo Tukuyu likizo, mvua ndiyo kama mnavyoijua. Kuna swali darasani liliachwa hewani: programu huria haina bosi, sasa nani anaipima? Leo nawapa historia yake kidogo. Wasio wa kompyuta msikimbie jamani.

Babu wa mambo haya ni cron. Unix toleo la 7, mwaka 1979, ilikuwa nayo: inaamka kila dakika, inasoma orodha ya kazi, ambayo muda wake umefika inaifanya. Baadaye watu wakaipa kazi ya kupima. Nyie mmelala, kompyuta inachukua msimbo wa siku nzima, inaujenga, inaujaribu, asubuhi majibu yapo.

Lakini majibu kuwepo ni jambo moja, kusomwa ni jambo lingine. Barua pepe ya kila usiku ikizoeleka hakuna anayeifungua. Mozilla, waliofungua msimbo wao Machi 1998, walikuwa na Tinderbox: ukurasa mmoja unaoonwa na wote. Kijani ni salama, nyekundu programu haikujengeka, rangi ya chungwa jaribio limefeli. Juu yake wakaweka mtu wa zamu, wakamwita sherifu. Mambo yakiharibika anafunga mlango, msimbo mpya hauingii mpaka uharibifu urekebishwe. Kwangu mimi zamu hiyo ni uvumbuzi mkubwa kuliko mashine yenyewe. Ni kama maziwa huku Rungwe: yanapimwa pale kituoni KABLA hayajamiminwa kwenye tenki la wote. Ukishachanganya, utamshika nani?

Mwaka 2005 Kohsuke Kawaguchi, akiwa Sun, akatoa Hudson, na baada ya mzozo na Oracle mwaka 2011 ikawa Jenkins. Sasa hata mradi mdogo ungeweza kujipangia majaribio. Kumbe kila mtu anapanga saa sita kamili usiku, seva inazidiwa! Dawa ya Jenkins ni herufi H: unaiweka penye dakika, yenyewe inazitawanya kazi. Halafu kuna saa zenyewe, teh teh. Seva nyingi hufuata UTC. Kwao ni 0, kwa saa za Tanzania ni 3, na sisi mdomoni tunasema tisa. Mkikabidhiana zamu andikeni ni saa ya nani.

Mnaona ni mambo ya mbali? Hesabu za zahanati za huku, chanjo, wajawazito, huingia DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki miaka mingi. Toleo jipya likijumlisha vibaya, nesi wa kijijini atajuaje? Lazima likamatwe mapema, kabla halijamfikia.

Na kijani nacho kinadanganya. GitHub, kwenye miradi ya wazi, huzima majaribio ya ratiba mradi ukikaa siku 60 bila shughuli. Kijani cha mwisho kinabaki pale pale kinang'aa, kumbe kina miezi. Kwa hiyo wale wa kikundi chetu cha programu: nikirudi nabandika karatasi ya zamu ukutani, na safu ya kwanza ni tarehe ya jaribio la mwisho, rangi ifuate. Jumatatu ni yangu. Nani anachukua Jumapili?