Amefika au Alifika? Historia ya Viungo Viwili Vidogo

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Leo twaendelea na masomo ya historia, lakini historia ya leo si ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya viungo viwili vidogo vya maneno, -me- na -li-, na sababu ya kututaabisha tunapojifunza Kiingereza. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya mawili: amefika, alifika.

Tuseme mtu yupo Makoongwe na ndugu yake yu safarini. Akiambiwa, "Ndugu yako amefika Mkoani," atatafuta chombo avuke akampokee, maana ndugu yupo ng'ambo anangoja. Akiambiwa, "Ndugu yako alifika Mkoani," atauliza, "Kisha akaenda wapi?" Habari ni ile ile ya kufika. Lakini neno la kwanza lamleta msafiri mpaka sasa, na la pili lamwacha nyuma, katika wakati uliokwisha pita.

Tofauti hii kila mtu wa Pemba anaijua tangu utotoni, hata asiyepata kushika kalamu. Kwa nini basi twakosea tukiingia katika Kiingereza? Jibu limo katika historia ya lugha zote mbili.

ASILI YA -ME- NA -LI-

Wataalamu wa lugha wanaeleza kwamba -me- ilitokana na kitenzi cha kale, -mala, jamaa ya neno letu la leo "maliza". Kwa hiyo mtu aliyesema "amefika" alikuwa kama anayesema "amemaliza kufika". Na -li- ilitokana na kitenzi cha kuwa, ambacho bado twakisikia katika maneno kama "alipo" na "tulio".

Msishangae kwamba kitenzi kizima kiligeuka kikawa kiungo kidogo. Jambo hilo latokea mbele ya macho yetu. Zamani watu walisema "amekwisha kula". Siku hizi wengi husema "ameshakula", na huku kwetu utasikia "keshakula". Neno "kwisha" limesagika kama jiwe la pwani, limebaki -sha- tu. Ndivyo ilivyokuwa kwa -mala.

Basi shikeni neno hili: asili ya -me- ni kumaliza. Na aliyemaliza kuingia katika hali fulani, sasa yumo katika hali hiyo. Mtoto aliyekwisha kuingia usingizini twasema "amelala", au "kalala". Mtu aliyekwisha kutia kanzu mwilini twasema "amevaa kanzu". Hatusemi habari za jana, bali twaeleza tunayoyaona sasa.

ASILI YA "HAVE"

Sasa tuvuke bahari mpaka Uingereza. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, Mwingereza aliyevua samaki aliweza kusema maneno ambayo kwa Kiswahili yangekuwa hivi: "Nina samaki, naye kavuliwa." Alitaja kwanza kitu alicho nacho, kisha akaeleza hali ya kitu hicho. Kidogo kidogo neno "have", ambalo maana yake ni kuwa na kitu, likapoteza uzito wa kumiliki. Likawa alama ya tendo lililokwisha ambalo lingali linahusu wakati wa sasa. Ndiyo sababu leo Mwingereza husema "I have caught a fish", yaani nimevua samaki. Na husema pia "I have lost my knife", nimepoteza kisu changu, ingawa aliyepoteza kisu hana kitu mkononi.

Waona basi, wasikilizaji, njia zilikuwa mbili. Kiswahili kilianzia katika "kumaliza", Kiingereza kikaanzia katika "kuwa na". Njia hizo zikakutana mahali pengi, lakini si kila mahali.

VITABU VYA WAGENI

Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa akaanza kujifunza Kiswahili. Sarufi yake ilichapishwa mwaka 1850. Edward Steere, Mwingereza, alifika Unguja mwaka 1864, na mwaka 1870 akatoa kitabu chake juu ya Kiswahili kinachosemwa Unguja. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu vya Afrika ya Mashariki, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi. Mwaka 1944 Bibi E. O. Ashton alitoa sarufi yake, ambayo wanafunzi wengi wa Kiswahili waliitumia.

Sarufi hizi ziliandikwa kwa Kiingereza kwa faida ya wageni. Mgeni aliyeuliza maana ya -me- alihitaji kitu cha kulinganisha, na kitu cha karibu katika lugha yake kilikuwa "have". Kwa mgeni huo ni msaada mzuri wa kuanzia. Na Bibi Ashton alieleza kwamba -me- yaweza kuonyesha hali mtu aliyomo. Lakini kanuni iliyomfaa mgeni anayekuja kwetu haimfai mwenyeji anayekwenda kwake, asipoipima. Mwanafunzi akishika kwamba -me- siku zote ni "have", atapotea mahali patatu.

MAHALI PATATU PA KUPOTEA

Mahali pa kwanza ni hali. "Mtoto amelala" kwa Kiingereza ni "the child is asleep". "Amevaa kanzu" ni "he is wearing a kanzu". Hapa "have" haiingii, kwa kuwa twaeleza hali ya sasa.

Mahali pa pili ni siku iliyotajwa. Sisi huweza kusema "amefika jana" na hakuna atakayecheka. Mwingereza hakubali. Yeye husema "he arrived yesterday", na akitaja jana au mwaka 1964, "have" huiweka kando. Kwa nini? Kumbukeni asili yake. "Have" ni ya wakati wa sasa, ndiyo "nina". Je, sisi twasema "nina samaki jana"? La, twasema "nilikuwa na samaki jana". Neno la sasa halifungwi katika siku iliyopita.

Mahali pa tatu ni jambo lililoanza zamani na lingali likiendelea. Sisi husema "nakaa Makoongwe tangu mwaka 1990", kwa -na-. Mwingereza husema "I have lived at Makoongwe since 1990". Kwetu hapana -me-, kwake "have" ni lazima.

Tutazame mfano katika historia ya visiwa vyetu. Mwaka 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja ikaangusha mikarafuu mingi sana. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na baadaye ikawa ndiyo inayotoa sehemu kubwa zaidi ya karafuu. Kwa Kiingereza, habari ya tufani ni "the storm destroyed the trees in 1872". Mwaka umetajwa, mlango umefungwa. Lakini habari ya Pemba ni "Pemba has grown cloves for more than a hundred years", kwa sababu mikarafuu ingalipo na watu wangali wakichuma.

KWA NINI TUJITAABISHE?

Huenda mmoja wenu atasema, "Maadamu nimefahamika, yatosha." Lakini fikirini habari hii. Mtu anaandika barua ya Kiingereza kwa ubalozi, kumwombea baba yake mzee ruhusa ya kuingia nchi ya kigeni. Anaandika: "My father lived at Makoongwe for sixty years." Karani anayesoma barua hiyo atafahamu kwamba mzee huyo amehama, au amekwisha kufa. Angeandika "has lived", karani angejua kwamba mzee yu hai na yupo kwao mpaka leo. Kwa Kiswahili nako ni hivyo hivyo: "aliishi" si sawa na "ameishi". Neno moja laweza kumhamisha mtu kwao, au kumtoa duniani.

Tena fikirini habari ya deni. "Hajalipa", kwa Kiingereza "he has not paid", maana yake muda wa kulipa upo wazi na yamkini atalipa. "Hakulipa", yaani "he did not pay", maana yake muda ulipita naye hakutimiza. Kabla ya kutia sahihi au dole gumba katika karatasi yoyote, hapana budi kujua ni lipi kati ya hayo mawili lililoandikwa.

KIPIMO CHA KUSAIDIA

Habari njema ni kwamba katika kukana lugha hizi mbili hupatana sana. Basi ukiwa na shaka juu ya wakati, igeuze sentensi yako iwe ya kukana. Chukua "amefika jana". Ukiikana, hutasema "hajafika jana". Utasema "hakufika jana". Kiungo -ku- kimekuonyesha njia: tumia "arrived". Sasa chukua "amefika", bila kutaja siku. Utaikana kwa "hajafika", basi tumia "has arrived". Kipimo hiki ni cha mambo ya wakati tu. Katika mambo ya hali, kama "amelala" na "amevaa", jiulize kwanza: ninaeleza ninayoyaona sasa?

Mkisikia Mmarekani akisema "I already ate", nimekwisha kula, bila "have", msifadhaike. Huko Marekani husema hivyo mara nyingi mahali ambapo Mwingereza husema "I have already eaten". Kiingereza nacho kina watu wake na pwani zake, kama Kiswahili.

ZOEZI

Mwalimu, andika sentensi hizi ubaoni. Kila mmoja azikane kwanza kwa Kiswahili, kisha aseme kama Kiingereza chake kina "have" au hakina.

1. Chombo kimefika kutoka Mkoani.
2. Chombo kimefika jana jioni.
3. Bibi Asha amelipa deni lake mwezi uliopita.
4. Bado hatujachuma karafuu.

Mkishindwa na moja, jadilianeni. Wenye umri mkubwa darasani wasikilizwe kwanza, kwani sikio lao la Kiswahili ndilo kipimo chenyewe. Watu wa Pemba walijua kutenganisha "amefika" na "alifika" kabla ya kitabu chochote kuandikwa juu yake. Kazi yetu sasa ni kujua wapi Mwingereza anatenganisha kama sisi, na wapi ana njia yake.

Juma lijalo, inshallah, tutasoma habari za -ka- katika masimulizi. Kwa herini.