Ladha ya mawe: divai, dhahabu na njia ya misafara

Kiswahili kina majina mawili ya kinywaji kimoja. Mvinyo ni neno tulilopewa na Wareno walipokuwa mabwana wa pwani. Divai, neno linalosikika zaidi kanisani, linatokana na Kifaransa, du vin. Neno hili la pili lilisafiri na watu, na safari hiyo inahusu Tabora kuliko wengi wanavyodhani.

Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Lavigerie huko Algiers miaka kumi nyuma, ulitoka Bagamoyo ukishika njia ya kati. Padri Pascal, mmoja wa viongozi wake, alifariki kabla ya kufika Tabora. Waliosalia waligawanyika Tabora: wengine wakaenda Ujiji, wengine wakageuka kaskazini kuelekea Ziwa Viktoria na Buganda, upande ule iliko Nzega ya leo. Sheria ya Kanisa haikuwaachia nafasi ya kutumia wanzuki wala pombe ya mtama altareni. Ilidai divai ya zabibu tu. Kwa hiyo pamoja na vitambaa na shanga, kinywaji hiki nacho kilipaswa kupanda bara kwa mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, ambao hakuna aliyewauliza kilikuwa na ladha gani.

Kabla ya kufika Unyamwezi ilibidi kuvuka Ugogo. Wageni waliichukia Ugogo kwa sababu ya ukame wake na kwa sababu ya hongo, ushuru ambao watemi wa Wagogo waliwatoza wapitao na kutumia maji ya visima. (Neno hilo limeshuka hadhi mno. Wakati ule lilikuwa kodi halali ya mwenye nchi. Leo linakaa mahakamani pamoja na rushwa.) Nchi hiyohiyo iliyolaaniwa kwa ukavu ndiyo iliyokuja kuzaa zabibu. Mwaka 1957, wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu Bihawana, nje ya Dodoma. Jimbo la Dodoma lilikuwa mikononi mwa Wapasionisti wa Italia, na divai ya misa ikaacha kuwa bidhaa ya kubebwa kutoka mbali.

Hapa ndipo historia ya Italia inapotufaa. Waitaliano wana divai nyeupe zinazosifiwa kwa kile wanachokiita ladha ya madini: Soave, karibu na Verona, inayotokana na zabibu za Garganega zinazoota kwa sehemu kwenye mawe meusi ya volkano iliyozimika zamani, na divai ya Carricante inayotoka miteremko ya Etna, volkano ambayo bado inatema moto. Mnywaji huambiwa kwamba anaonja mlima wenyewe. Wanajiolojia, akiwemo Alex Maltman wa Wales, wamelipinga dai hilo: mzizi hunyonya madini yaliyoyeyuka kwa kiasi kidogo mno, na mengi kati yake hayawezi kuhisiwa na ulimi. Mimi nawaamini wanajiolojia. Lakini jambo linalonivutia kama mwanahistoria ni kwamba ladha ya mawe, iwe ya kweli au ya kufikirika, ilipata ulinzi wa dola. Italia ilitunga sheria ya majina ya asili ya divai mwaka 1963, na mwaka 1968 Soave na Etna zikapata hadhi hiyo. Tangu hapo mipaka ya shamba, aina ya zabibu na jina vimefungwa pamoja, na mtu wa mbali hawezi kuliazima jina hilo kwa urahisi.

Dodoma haina volkano. Ina matale, mawe ya kale yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5, mbele yake Etna ni mtoto mchanga. Ina msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu, na mkulima akipogoa kwa wakati huvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mwenzake wa Soave hawezi hata kuliota. Ina zabibu nyekundu iitwayo Makutupora, jina la mahali hasa, na nyeupe aina ya Chenin blanc. Pale Hombolo, kampuni ya CETAWICO iliyoanzishwa na Waitaliano ilionyesha kwamba udongo huu unaweza kutoa divai ya kuheshimika. Kilichokosekana si jiwe.

Ukoo huohuo wa mawe ya kale unaendelea hadi Lusu, wilayani Nzega, ambako mgodi wa Golden Pride ulichimba dhahabu tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi mwaka 2013. Dhahabu ikishayeyushwa haina kwao. Hakuna anayevaa pete huko ng'ambo akasema anavaa Lusu. Mgodi ulipofungwa, jina la kata halikubaki na thamani yoyote sokoni. Tofauti na dhahabu, zabibu haiishi. Mzabibu uliotunzwa huzaa tena, na jina la mahali linaweza kuongezeka thamani kila mavuno.

Ndugu zangu watumishi wa umma mnaijua sheria yetu ya ushuru wa bidhaa: divai yenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani ilitengewa kiwango nafuu. Naunga mkono nafuu hiyo. Hata hivyo, neno lake ni «ndani», yaani Tanzania nzima. Halimtambui mkulima wa Hombolo, ambaye msimu wa mavuno hukaa na matenga akimngoja mnunuzi aamue bei. Zanzibar, katika sheria yake ya mali za viwandani ya mwaka 2008, iliweka nafasi ya viashiria vya kijiografia. Kazi kama hiyo kwa Dodoma ingeanza na ramani: nani anaingia na nani anabaki nje, kati ya Bihawana, Hombolo na Makutupora. Wakulima wenyewe wawe mezani siku mstari wa kwanza unapochorwa.