Nchi nayo ina 'CRB' yake: Kenya ikishushwa daraja la mikopo, wewe unalipa nini?

Julai 8, 2024, siku 12 baada ya Rais William Ruto kukataa kutia saini Mswada wa Fedha, kampuni ya Moody's iliishusha Kenya daraja la mikopo kutoka B3 hadi Caa1. Fitch ikafuata Agosti 2. S&P ikamalizia Agosti 23. Hizi mbili ziliitoa Kenya kwenye B na kuiweka B-.

Makofi matatu kwa chini ya wiki saba. Swali la mwananchi likawa moja tu: sasa bei ya unga itapanda kesho?

Jibu fupi: hapana, si kesho. Daraja la mikopo haliingii dukani moja kwa moja. Linazunguka kwanza kupitia riba ya serikali, riba ya benki na bajeti ya taifa. Ila mwisho wa safari, bili inakufikia.

Hivi ndivyo mambo yanavyokwenda.

Daraja la mikopo ni nini?

Ukichelewa kulipa mkopo unapelekwa CRB, na kila mkopeshaji anayekuja baadaye anakuangalia kwa jicho la shaka. Nchi nazo zina kitu kinachofanana na hicho.

Kuna tofauti moja kubwa. CRB inaangalia uliyoyafanya. Moody's, Fitch na S&P wanatoa maoni kuhusu yanayoweza kutokea: je, serikali hii italipa madeni yake yote, na kwa wakati?

Maoni hayo huandikwa kwa herufi:

• AAA (Moody's huandika Aaa): daraja la juu kabisa.
• BBB- (Baa3 kwa Moody's): ngazi ya mwisho ya nchi zinazoonwa kuwa salama kuwekeza.
• Chini ya hapo: mkopeshaji anajua anabahatisha, kwa hiyo anadai riba kubwa zaidi.

Caa1 ya Kenya ilikuwa ngazi saba chini ya Baa3. Majirani nao hawakuwa juu sana. Mwaka huo huo wa 2024, Moody's iliipandisha Tanzania kutoka B2 hadi B1 mwezi Machi, na kuishusha Uganda kutoka B2 hadi B3 mwezi Mei.

Kwa nini Kenya ilishushwa?

Mswada wa Fedha wa 2024 ulikusudia kuiongezea serikali takriban shilingi bilioni 346 kupitia ushuru. Vijana waliingia barabarani. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni, na watu wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais akaurudisha mswada.

Pengo likabaki pale pale. Ruto alitangaza kwamba serikali itapunguza matumizi kwa shilingi bilioni 177, na sehemu iliyobaki itakopwa.

Kwa Moody's, hiyo ilimaanisha kwamba uwezo wa serikali kupunguza nakisi kwa kuongeza ushuru umedhoofika, na madeni yatachukua muda mrefu zaidi kushuka.

Hapa kuna jambo ambalo si watu wengi hulisema. Mashirika haya hayapimi kama maisha yako ni mazuri. Yanapima kama mkopeshaji atalipwa. Ushuru uliokuumiza wewe ungeweza kuwafurahisha wao. Kwa hiyo habari mbaya kwa mwenye hatifungani si lazima iwe mbaya kwa mama mboga, na kinyume chake pia ni kweli. Tatizo ni kwamba hasira ya mwenye hatifungani ikipanda, gharama yake humwangukia mama mboga.

Njia ya kwanza: serikali inakopa kwa bei ghali

Tuchukue mfano halisi. Mwaka 2014 Kenya ilikopa kwa Eurobond ya miaka 10 yenye riba ya asilimia 6.875. Deni hilo la dola bilioni 2 lilifikia mwisho wake Juni 2024. Ili kulilipa, Februari 2024 serikali ilichukua Eurobond mpya ya dola bilioni 1.5, yenye riba ya asilimia 9.75.

Piga hesabu. Kwa dola bilioni 1.5, tofauti ya riba hizo mbili ni kama dola milioni 43 kwa mwaka. Kwa dola moja kuuzwa shilingi 129, hiyo ni karibu shilingi bilioni 5.6 kila mwaka. Hazijengi darasa wala hazinunui dawa. Ni bei ya kuonekana hatari tu.

Kusema ukweli, si yote yalitokana na Kenya. Riba zilikuwa zimepanda dunia nzima. Pia, mkopo huo ulichukuliwa miezi mitano kabla ya Moody's kuishusha Kenya hadi Caa1. Wawekezaji mara nyingi hunusa moshi mapema. Tangazo la kushushwa daraja huja kuthibitisha na kuwafungia mlango wale waliokuwa bado wanasitasita.

Njia ya pili: mkopo wako benki

Serikali haikopi nje pekee. Inakopa sana hapa nyumbani, na inashindana na wewe.

Katikati ya 2024, serikali ilikuwa ikilipa zaidi ya asilimia 16 kwa hati za Hazina za siku 364. Sasa jiweke kwenye kiti cha meneja wa benki. Unaweza kuikopesha serikali na ulale usingizi, au umkopeshe mwenye duka la hadiwea Kitengela ambaye biashara inaweza kumgeuka. Ukiamua kumkopesha huyu wa pili, lazima umtoze zaidi.

Ndiyo maana wastani wa riba ya mikopo ya benki mwaka huo ulikuwa karibu asilimia 17. Anayetaka kuongeza bidhaa, kununua pikipiki ya bodaboda au kulipa karo alikutana na riba hiyo, au na lile jibu la "rudi wiki ijayo". Biashara isiyopata mkopo haiajiri. Hapo ndipo kijana anayetafuta kazi anaguswa na herufi ambazo hajawahi hata kuzisikia.

Benki zenyewe nazo hazikupona. Siku chache baada ya kuishusha nchi, Moody's ilizishusha pia Equity, KCB na Co-operative, kwa sababu zimeikopesha serikali pesa nyingi. Jahazi likipigwa na wimbi, waliomo wote hulowa.

Njia ya tatu: huduma zinazokatwa

Deni la Kenya lilikuwa limepita shilingi trilioni 10. Katika kila shilingi 10 ambazo serikali inakusanya, karibu 3 huenda kulipa riba pekee. Hapo mtaji wenyewe wa deni bado haujaguswa.

Riba ikipanda, kuna njia tatu tu: kuongeza ushuru, kupunguza matumizi au kukopa tena. Zote zinaishia mlangoni kwako.

Mwaka 2024 tuliona haya kwa macho. Ajira ya kudumu ya walimu 46,000 wa sekondari msingi waliokuwa kwenye mafunzo kazini iliwekwa rehani na pengo la bajeti. Julai hiyo hiyo, tozo ya matengenezo ya barabara ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya mafuta. Moody's haikuamuru tozo hiyo, lakini mkono uliokuwa ukitafuta pesa ni ule ule. Disemba, sheria mpya ya ushuru ilirudisha baadhi ya hatua, ikiwemo kupandisha tozo ya reli kwa bidhaa za kutoka nje kutoka asilimia 1.5 hadi 2.

Je, shilingi ilianguka?

Haikuanguka. Na hili ni muhimu, maana wengi waliogopa.

Kawaida, wawekezaji wakikimbia, dola inapanda, na kila tunachoagiza kutoka nje kinapanda: mafuta, ngano, dawa, simu. Kenya ililionja hilo mwishoni mwa 2023, kabla ya kushushwa daraja kwa 2024. Petroli ilifika shilingi 217 Nairobi Oktoba mwaka huo, na dola ikagusa 160 Januari 2024.

Lakini baada ya makofi yale matatu, dola ilibaki pale pale kwenye 129. Mfumuko wa bei nao ulishuka kutoka asilimia 4.6 Juni 2024 hadi 2.7 Oktoba. Sababu kubwa ni kwamba hofu kuu, ile Eurobond ya Juni, ilikuwa imeshalipwa.

Funzo: daraja likishuka, usikimbilie kununua dola wala kujaza unga stoo. Angalia kwanza kama kuna deni kubwa linalokaribia kulipwa na kama pesa za kulilipa zipo.

Mambo yakiharibika kabisa inakuwaje?

Uliza Ghana. Februari 2022 Moody's iliishusha kutoka B3 hadi Caa1, ngazi zile zile za Kenya. Disemba mwaka huo Ghana ilisimamisha malipo ya sehemu kubwa ya madeni yake ya nje. Mfumuko wa bei ulifika asilimia 54 mwezi huo.

Kisha serikali ikawataka waliokuwa na hatifungani za ndani wazibadilishe kwa zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi. Wastaafu waliandamana hadi Wizara ya Fedha mjini Accra mapema 2023, wakidai akiba yao ya uzeeni isiguswe.

Kenya haikufika huko. Lakini kisa hiki kinaonyesha kwamba "deni la serikali" linaweza kuwa pensheni ya babu yako. Hapa kwetu pia, NSSF na mifuko mingine ya pensheni imewekeza sana kwenye hatifungani za serikali.

Kuna anayefaidika?

Yupo. Ni mwenye akiba. Riba za serikali zilipokuwa juu, waliokuwa na hatifungani mpya au pesa kwenye mifuko ya soko la fedha walipata faida nzuri. Asiye na akiba na mwenye mkopo ndio walioumia. Kwa hiyo mzigo huu hauligusi kila tabaka sawasawa.

Mashirika haya yanaaminika?

Si malaika. Kabla ya msukosuko wa 2008, yalizipa daraja la juu kabisa dhamana za mikopo ya nyumba Marekani ambazo baadaye ziligeuka hasara.

Viongozi wengi wa Afrika wanalalamika kwamba bara linaonewa. Utafiti wa shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, wa 2023 ulikadiria kwamba upendeleo katika ukadiriaji unazigharimu nchi za Afrika hadi dola bilioni 74.5. Umoja wa Afrika umekuwa ukipanga kuanzisha shirika lake la ukadiriaji.

Malalamiko hayo yana uzito. Lakini hata mpimaji mwingine angekuja, riba inayokula shilingi 3 kati ya 10 bado ingekuwepo.

Daraja likipanda, nafuu inakuja?

Inakuja polepole. Agosti 2025, S&P iliirudisha Kenya kwenye B. Wakati huo Benki Kuu ilikuwa imeshapunguza riba yake kutoka asilimia 13 hadi 9.5 ndani ya mwaka mmoja. Hata hivyo, riba za benki hazikushuka kwa kasi hiyo. Bei ya mkopo hupanda kwa lifti na kushuka kwa ngazi.

Wewe ufanye nini?

• Una mkopo au unataka kuchukua? Uliza kama riba imefungwa au inabadilika. Ikiwa inabadilika, hakikisha unaweza kulipa hata ikipanda kwa asilimia mbili au tatu.

• Una akiba benki? Kushushwa daraja kwa benki si kufilisika. Shirika la Bima ya Amana, KDIC, hulinda hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja katika kila benki. Ukiwa na zaidi, gawanya.

• Unawekeza kwenye hatifungani? Kumbuka riba zikipanda, hatifungani ya zamani hushuka bei. Ukilazimika kuuza kabla ya muda, unaweza kupata hasara. Usiweke pesa ya karo huko.

• Biashara yako inategemea tenda za serikali? Serikali ikibanwa, wanaosubiri zaidi ni wakandarasi. Usitegemee malipo hayo kulipa mishahara ya mwezi ujao.

• Fuatilia Mswada wa Fedha mapema. Kisheria unapaswa kufika Bungeni ifikapo Aprili 30 kila mwaka, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Usiulize ushuru gani unaongezwa pekee. Uliza pia mkopo mpya unaenda kufanya kazi gani.

Hilo la mwisho ndilo zito. Mkopo unaojenga kitu kinachoingiza pesa hujilipa wenyewe, na daraja hupanda bila maneno mengi. Mkopo unaochukuliwa kulipa mkopo mwingine hulipwa na wewe, kila unapojaza mafuta, kila unapokopa benki, na kila unapofika zahanati na kuambiwa dawa zimeisha.