Matibabu ya bure: nani analipa, na madaktari wakiondoka ufanye nini

Katika makazi ya Nakivale, Rwamwanja, Kyaka II na Kyangwali, na katika vijiji vya wenyeji vinavyoyazunguka, tangazo hili si geni. Boda boda inapita na kipaza sauti: madaktari wanakuja Jumamosi, matibabu ni bure. Watu wanaamka alfajiri na kupanga foleni. Wanapimwa presha na sukari, wanapewa dawa. Jumatatu turubai limekunjwa na magari yameondoka. Wiki chache baadaye vidonge vimeisha, na mama aliyeambiwa ana presha anamuuliza jirani yake: sasa niende wapi?

Makala hii inaeleza matibabu ya bure nchini Uganda ni ya aina gani, nani anayalipia, yanaishia wapi, na jinsi ya kuyatumia yasikatike katikati. Inawahusu wakimbizi na wenyeji, kwa sababu kwa sehemu kubwa vituo vya afya ni vile vile na foleni ni moja.

Aina tatu za "bure"

Ya kwanza ni vituo vya serikali. Mnamo Machi 2001 serikali ya Uganda ilifuta ada ambazo wagonjwa walikuwa wakilipa katika vituo vyake. Tangu hapo kumwona mhudumu, kupimwa na kupewa dawa katika kituo cha serikali hakulipiwi, isipokuwa katika wodi za kulipia za hospitali kubwa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa wakimbizi huduma za jamii nchini, na ndiyo sababu mkimbizi na mwenyeji wanakaa kwenye benchi moja.

Vituo hivi vina ngazi, na kuzijua kunaokoa muda. Ngazi ya chini kabisa haina jengo: ni wahudumu wa afya wa kijiji, wanaojulikana kama VHT. Kibao kilichoandikwa HC II ni kituo cha parokia, kinachotibu magonjwa ya kawaida bila kulaza. HC III ina maabara na chumba cha kujifungulia. HC IV inapaswa kuwa na daktari na chumba cha upasuaji, kwa hiyo mama anayeshindwa kujifungua anapelekwa huko au hospitali. Juu yake kuna hospitali za wilaya, kisha hospitali za rufaa za mikoa kama Mbarara, Fort Portal na Hoima.

Ya pili ni hospitali za dini na za hisani. Uganda ina nyingi, za Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu, na mara nyingi ndizo zilizo karibu na watu wa vijijini. Hapa wengi hukosea. Hospitali hizi hazifanyi biashara ya faida, lakini si zote zinazotibu bure. Nyingi hupata ruzuku ndogo ya serikali na misaada ya wafadhili, halafu mgonjwa huchangia kiasi. Usiingie ukidhani hulipi kitu kwa sababu umeona msalaba au mwezi getini. Uliza kwanza: huduma hii ni bei gani, na kuna mfuko wa kusaidia asiye na uwezo?

Ya tatu ni kambi za madaktari, yaani timu inayokuja kwa siku chache. Hapa mfadhili amelipia dawa, mafuta ya gari na posho ya wahudumu. Bajeti ikiisha, kambi imeisha.

Katika makazi kuna pia vituo vinavyoendeshwa na mashirika kwa niaba ya UNHCR na Ofisi ya Waziri Mkuu. Navyo hutibu bila malipo, na hupokea wenyeji pia. Vingi vimeanza kuingizwa katika mfumo wa wilaya, ili shirika likiondoka kituo kibaki.

Bure haina maana hakuna anayelipa

Hili lilionekana wazi mwaka 2025. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mwezi Januari, mashirika mengi ya afya yalipunguza wafanyakazi na huduma. Wengi waligundua siku ile kwamba huduma waliyoizoea ilikuwa na mlipaji mmoja tu, tena wa mbali.

Kusini-magharibi mwa Uganda kuna hospitali mbili ambazo zimelijua swali hili kwa miaka mingi.

Mwaka 1991 msitu wa Bwindi ulifanywa hifadhi ya taifa, na Batwa waliokuwa wakiishi humo wakatolewa. Walibaki bila ardhi pembezoni mwa msitu uliokuwa nyumba yao na duka lao la dawa. Miaka kumi baadaye daktari Mmarekani, Scott Kellermann, alikuja na mkewe Carol na kuanza kuwatibu chini ya miti. Mwaka 2003 kituo cha afya kilianzishwa Buhoma, wilaya ya Kanungu. Leo ni Hospitali ya Jamii ya Bwindi, chini ya Kanisa la Uganda, na inahudumia Batwa na majirani zao wakulima pamoja.

Lakini hospitali haiwezi kuendeshwa kama kliniki ya chini ya mti. Inahitaji umeme, damu, mishahara na dawa kila mwezi, mfadhili awepo au asiwepo. Kwa hiyo mwaka 2010 Bwindi ilianzisha bima ya jamii: kila familia inachangia kiasi kidogo kwa mwaka, na mwanachama akiugua analipa sehemu ndogo tu ya gharama.

Haikuwa ya kwanza. Hospitali ya Kisiizi, wilaya ya Rukungiri, ilikuwa na mpango kama huo tangu 1996. Nguvu ya mipango hii ni engozi. Engozi ni machela ya kubebea mgonjwa mabegani kwenye milima isiyo na barabara. Mkongomani ataijua mara moja: ni tipoyi. Wakiga walikuwa tayari na vikundi vya engozi, ambavyo wanachama hubebana wakiugua na kuzikana wakifa. Hospitali haikuandikisha mtu mmoja mmoja, iliandikisha vikundi hivyo. Sababu ni rahisi. Kama wangejiunga wagonjwa peke yao, mfuko ungekauka mapema. Kikundi kizima kikijiunga, wazima wanambeba mgonjwa kwa fedha kama walivyombeba kwa mabega.

Waliotoka Congo, Rwanda na Burundi wanaijua hesabu hii kutoka kwenye mituelle zao. Fundisho ni moja: msaada wa nje unaweza kufungua mlango, lakini mlango haubaki wazi bila mikono ya ndani.

Magonjwa yanayofadhiliwa kwa upasuaji

Kuna magonjwa ambayo watu huyavumilia miaka mingi wakidhani tiba ni ya matajiri, kumbe kuna wanaoilipia.

Fistula. Mwanamke anavuja mkojo au choo bila kujizuia baada ya uchungu wa muda mrefu. Si laana wala si adhabu, ni jeraha, na kwa wengi linazibika kwa upasuaji. Hospitali ya Kitovu, Masaka, inajulikana kwa miaka mingi kwa kambi za upasuaji wa fistula.

Mdomo uliopasuka na miguu iliyopinda kwa watoto. Hospitali ya CoRSU, Kisubi, karibu na Entebbe, inashughulikia watoto wenye ulemavu. Upasuaji wa mdomo uliopasuka mara nyingi hulipiwa na wafadhili. Mguu uliopinda unanyooka kwa urahisi zaidi mtoto akipelekwa akiwa mchanga, kwa hiyo usingoje akue.

Mtoto wa jicho. Mzee aliyepofuka kwa mtoto wa jicho anaweza kuona tena baada ya upasuaji mfupi. Katika eneo la Mbarara kituo cha macho cha Ruharo hufanya kazi hii.

Usisafiri kwa kusikia tu. Kituo chako cha afya au shirika la afya la makazi liulize kwanza kama kuna nafasi, nani analipia upasuaji, na nani analipia usafiri na chakula cha anayemsindikiza mgonjwa. Familia nyingi hukwama Kampala kwa sababu upasuaji ulikuwa bure lakini nauli ya kurudi haikuwa na mwenyewe.

Kabla ya kambi ya madaktari

Uliza VHT au mwenyekiti wako: timu inatoka wapi, wilaya inaijua, wanatibu nini? Timu halali hujitambulisha kwa ofisi ya afya ya wilaya, na ndani ya makazi kwa Ofisi ya Waziri Mkuu. Kama hakuna kiongozi anayeijua, usikubali sindano wala upasuaji.

Beba kidaftari chako cha matibabu, kadi ya chanjo ya mtoto, na dawa zote unazotumia, hata za kienyeji. Mkimbizi abebe kitambulisho au karatasi ya familia.

Siku yenyewe

Usiondoke kabla ya kuuliza maswali manne. Ugonjwa wangu unaitwaje? Dawa hii naitumia siku ngapi? Ikiisha, nitaipata wapi? Dalili gani zikitokea nirudi haraka? Omba majibu yaandikwe kwenye kidaftari, pamoja na jina la dawa. Kama hujui Kiingereza wala lugha ya pale, dai mkalimani. Mtoto wako asitafsiri ugonjwa wa siri wa mama yake.

Madaktari wakishaondoka

Hapa ndipo maisha hupotea. Presha na kisukari haviponi kwa pakiti moja. Ukijisikia nafuu, ni dawa inafanya kazi, si ugonjwa umeondoka. Anayeacha dawa za presha anaweza kuamka siku moja upande mmoja wa mwili umepooza. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa miezi 6, na dawa za virusi vya UKIMWI ni za maisha. Zote mbili hutolewa bure katika vituo vya serikali, na hazitegemei kambi yoyote.

Kwa hiyo kabla vidonge havijafika nusu, peleka kidaftari kwenye kituo cha afya cha karibu uandikishwe huko. Kama dawa hiyo haipo, mhudumu anaweza kukupa inayofanana nayo au kukuandikia rufaa. Usiazime vidonge kwa jirani: presha yenu ni moja kwa jina, lakini dawa zenu huenda ni tofauti.

Ukidaiwa fedha

Katika kituo cha serikali, omba risiti. Asiyeweza kukupa risiti hana haki ya kukudai. Dawa za serikali zimeandikwa kwenye pakiti kwamba ni mali ya serikali ya Uganda na haziuzwi. Ukizikuta zinauzwa dukani, zimeibwa kwenye foleni yako.

Anza kwa mkuu wa kituo. Kama hasikii, nenda kwa kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo wanakijiji wana viti ndani yake. Mwenyeji apitie kwa mwenyekiti wa LC1, mkimbizi kwa viongozi wa wakimbizi waliochaguliwa au kwa laini ya bure ya UNHCR iliyobandikwa kwenye mbao za matangazo.

Wakati mwingine dawa kwa kweli haipo na unaambiwa ukanunue. Hapo omba jina liandikwe vizuri, na uulize kama kuna ya bei nafuu zaidi inayofanya kazi ile ile.

Mlichoweza kufanya wenyewe

Vikundi vya akiba vipo karibu kila kijiji na kila bloku. Kikundi kinaweza kutenga sehemu ndogo ya kila mchango iwe ya nauli ya mgonjwa, na kukubaliana mapema na mwendesha boda boda mmoja atakayeamka usiku. Mama mwenye uchungu saa nane usiku hawezi kungoja kambi ya Jumamosi. Matibabu yenyewe yanaweza kuwa bure, lakini njia ya kuyafikia mtaibeba ninyi, kama engozi, kila mmoja akishika upande wake.