Majina ya Nitrojeni na Fundisho Lake kwa Waundaji wa Istilahi

Katika kila sehemu 100 za hewa kavu, sehemu 78 hivi ni nitrojeni, 21 ni oksijeni, na karibu yote inayobaki ni argoni. Gesi hizi tatu hazina rangi, harufu wala ladha. Kwa sababu hiyo, waliozigundua hawakuwa na sifa ya wazi ya kuzitaja, kama mtu atajavyo wekundu wa shaba au ukali wa chumvi. Iliwalazimu waziite kwa kazi walizodhani kuwa zinafanya. Baadhi ya dhana hizo zilianguka baadaye, lakini majina yakabaki. Historia ya majina ya nitrojeni, basi, si mali ya wanakemia peke yao. Inamhusu pia mtaalamu wa lugha anayekabiliwa na swali ambalo limewashughulisha waundaji wa istilahi za Kiswahili kwa muda mrefu: je, istilahi ngeni itafsiriwe maana yake, au ichukuliwe sauti yake?

Yafaa kuanza na neno gesi lenyewe. Hadi karne ya 17 wasomi wengi wa Ulaya walishika fikra ya Wayunani wa kale kwamba hewa ni elementi moja kati ya nne, pamoja na moto, maji na udongo. Maadamu hewa ilihesabiwa kuwa moja, hapakuwa na haja ya neno la jumla la kutajia aina zake. Joan Baptista van Helmont wa Brussels, aliyefariki mwaka 1644, alichoma ratili 62 za makaa akabakiwa na ratili 1 tu ya jivu. Alikata shauri kwamba ratili 61 zilikuwa zimetoka katika hali nyingine isiyoonekana. Hali hiyo aliiita gas, akiliiga neno la Kiyunani chaos, yaani machafuko yaliyotangulia kuumbwa kwa ulimwengu. Katika matamshi ya lugha ya kwao, mianzo ya maneno hayo mawili hukaribiana sana. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1648, lakini neno halikushika mara moja. Kwa zaidi ya karne nzima wachunguzi waliendelea kusema hewa hii na hewa ile, mpaka Mfaransa Macquer alipolifufua neno la van Helmont katika kamusi yake ya kemia ya mwaka 1778. Kiswahili nacho kinayo mabaki ya hali hiyo. Neno hewa, lenye asili ya Kiarabu, bado hutumika katika usemi wa kila siku kwa maana zote mbili, ndiyo maana husikika hewa ya oksijeni, ingawa oksijeni ni sehemu tu ya hewa.

Nitrojeni ilitengwa katika kipindi hicho cha hewa nyingi. Joseph Black, aliyefanya uchunguzi wake Scotland, alikuwa ameonyesha mwaka 1754 kwamba kuna hewa iliyofungwa ndani ya baadhi ya madini, ambayo hufunguka madini hayo yakitiwa motoni. Hiyo ndiyo iitwayo leo kaboni dioksidi. Mwanafunzi wake Daniel Rutherford alieleza mwaka 1772, katika tasnifu yake ya Kilatini kwa Chuo Kikuu cha Edinburgh, alivyomweka panya katika hewa iliyofungiwa hata akafa, kisha akawasha humo mshumaa, na baada yake fosforasi, mpaka kisiwake kitu tena. Aliiondoa hewa iliyofungwa ya mwalimu wake kwa kuipitisha katika alkali. Sehemu kubwa ya hewa ikabaki, nayo haikuweza kulisha moto wala uhai. Scheele, Cavendish na Priestley walikuwa wakiifikia gesi hiyohiyo kwa njia zao wakati uleule.

Wengi wa wachunguzi hao waliamini kwamba kila kiwakacho kina ndani yake kiini cha kuwaka, filojistoni, ambacho humiminika hewani wakati wa kuungua. Gesi ya Rutherford, isiyopokea moto, ikachukuliwa kuwa ni hewa iliyoshiba filojistoni. Tarehe 1 Agosti 1774 Priestley alipopata kwa kuchoma oksidi ya zebaki gesi iliyoufanya mshumaa uwake kwa nguvu, aliiita hewa iliyoondolewa filojistoni. Hivyo gesi mbili za kweli zilipewa majina kwa kuwako au kukosekana kwa kitu ambacho hakikuwako kabisa. Aliyekubali majina hayo alikuwa amekwisha kuikubali nadharia kabla ya kufanya jaribio lolote.

Lavoisier aliliona jambo hilo kwa uwazi kuliko wenzake. Mwaka 1787 yeye pamoja na Guyton de Morveau, Berthollet na Fourcroy walitoa kitabu cha utaratibu mpya wa kutaja vitu vya kemia. Msingi wao, waliouchukua kwa mwanafalsafa Condillac, ulikuwa kwamba sayansi haiwezi kusahihishwa bila kusahihisha lugha yake. Filojistoni ikafutwa. Mahali pake yakaja majina yaliyoundwa kwa mizizi ya Kiyunani: oxygène, yaani kizaa-uchachu, kwa kuwa Lavoisier aliamini kwamba hakuna asidi isiyokuwa na gesi hiyo, hydrogène, yaani kizaa-maji, na kwa gesi ya Rutherford, azote, yaani isiyo na uhai.

Katika jina hilo la mwisho waundaji wenyewe hawakuwa na raha. Kutokulisha uhai si sifa ya nitrojeni peke yake. Panya hufa vilevile ndani ya hidrojeni au kaboni dioksidi. Berthollet alikuwa amethibitisha mwaka 1785 kwamba gesi hii imo katika amonia, na jina la kizaa-alkali likapendekezwa, lakini likaachwa kwa kuwa haikuthibitika kwamba alkali nyingine zinayo. Mwaka huohuo wa 1785 Cavendish alipitisha cheche za umeme katika mchanganyiko wa gesi hizo mbili kuu za hewa, akapata asidi ambayo hutengeneza shura, ile chumvi ya baruti. Mwaka 1789 Lavoisier alikiri kwamba gesi hii ingeweza kwa haki ileile kuitwa kwa jina la asidi hiyo. Mwaka uliofuata Jean-Antoine Chaptal akaliunda jina nitrogène, ambalo kwa Kiswahili laweza kufasiriwa kizaa-shura.

Kuanzia hapo lugha za dunia zilifuata njia tatu. Kifaransa, Kiitalia, Kirusi na Kituruki zilishika jina la Lavoisier, kila moja kwa matamshi yake. Kiingereza na Kihispania zikalichukua la Chaptal. Wajerumani na Waholanzi hawakuchukua sauti yoyote ya Kiyunani, walitafsiri. Nitrojeni ikawa Stickstoff na stikstof, yaani kitu cha kukaba pumzi, na oksijeni ikawa Sauerstoff na zuurstof, yaani kitu kichachu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Udagawa Yōan wa Japani, akitumia vitabu vya Kiholanzi, alizitafsiri tafsiri hizo. Ndiyo asili ya maneno ya Kijapani chisso na sanso, yenye maana zilezile za kukaba na uchachu.

Kwa mtazamo wa kwanza watafsiri ndio waliowatendea wema wanafunzi wao. Mtoto wa Kijerumani hahitaji Kiyunani ili apate maana ya Sauerstoff. Lakini mwaka 1810 Humphry Davy alitangaza mjini London kwamba ile gesi ya rangi ya kijani-manjano iliyokuwa ikihesabiwa kuwa ni asidi iliyoongezwa oksijeni haina oksijeni hata kidogo. Ni elementi yenyewe, na ikiungana na hidrojeni hufanya mojawapo ya asidi zilizo kali. Uchachu, kwa hiyo, haukuzaliwa na oksijeni. Davy aliiita gesi yake klorini, kwa neno la Kiyunani la rangi hiyo, akieleza kwamba amechagua sifa inayoonekana ili nadharia zikibadilika jina lisilazimike kubadilika. Kosa la Lavoisier lilikwisha kufahamika, lakini jina halikuondoka. Tofauti ni kwamba kwa Mwingereza kosa limefunikwa na Kiyunani asichokijua, hali kwa Mjerumani na Mjapani husemwa waziwazi kila mara gesi hiyo itajwapo. Uwazi wa tafsiri, uliokuwa fadhila yake, ndio uliogeuka kuwa kasoro.

Majina azote na Stickstoff yalikosewa kwa namna nyingine. Hayakusema uongo juu ya panya wa Rutherford. Yaliifanya tabia moja ya gesi kuwa ndiyo hali yake yote. Nitrojeni imo katika kila protini, na pasipo protini hakuna kiumbe kiishicho. Atomi zake mbili zimeshikamana kwa nguvu sana, hata wanyama na mimea mingi haiwezi kuitumia moja kwa moja ingawa imezungukwa nayo. Mwaka 1886 Hermann Hellriegel wa Ujerumani alieleza kwamba mimea ya jamii ya mikunde huipata nitrojeni ya hewani kwa msaada wa viumbe vidogo vilivyomo katika vinundu vya mizizi yake. Hiyo ndiyo siri ya rutuba ambayo maharage na kunde huileta katika shamba. Mwaka 1909 Fritz Haber aliionyesha njia ya kuiunganisha nitrojeni na hidrojeni kuwa amonia, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza kuitengeneza kwa wingi. Katika nchi ambayo lugha yake iliiita gesi hii kitu cha kukaba pumzi ndimo ilimofanywa mbolea inayolisha sehemu kubwa ya wanadamu leo. Ndimo pia ilimofanywa malighafi ya baruti za vita vya 1914 hadi 1918.

Hata waliofika baadaye hawakuuepuka mtego huo. Katika miaka ya 1890 Lord Rayleigh aliona kwamba lita moja ya nitrojeni iliyotolewa hewani ina uzito wa gramu 1.2572, na ile iliyotolewa katika amonia na misombo mingine gramu 1.2505 tu. Tofauti hiyo ndogo ilimfikisha yeye na William Ramsay, mwaka 1894, kwenye gesi nyingine iliyokuwa imejificha ndani ya kile kilichoitwa nitrojeni. Cavendish alikuwa ameigusa mwaka 1785. Povu dogo lilibaki katika chombo chake, lisilozidi sehemu 1 kwa 120, na hakulipa jina. Kwa kuwa gesi hiyo ilikataa kuungana na kitu chochote, Rayleigh na Ramsay waliiita argoni, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya mvivu. Mwaka 2000 wanakemia wa Helsinki waliilazimisha argoni kuungana na hidrojeni na florini katika baridi kali mno. Mvivu naye akawa amefanya kazi, ingawa kwa shida.

Yapasa sasa kulirudia jina lililoshinda katika Kiswahili. Nitrojeni, au naitrojeni kwa wale wanaofuata matamshi ya Kiingereza, huonekana kuwa neno geni kabisa. Lakini mzizi wake wa kwanza ni wa Afrika. Wayunani walilipata nitron kutoka kwa Wamisri wa kale, ambao maandishi yao, yasiyoonyesha irabu, yana neno ntrj. Hilo lilikuwa jina la chumvi iliyochimbwa Wadi Natrun, kaskazini-magharibi ya Cairo, iliyotumiwa kukaushia maiti. Chumvi hiyo ni jamii moja na magadi yapatikanayo katika Ziwa Magadi la Kenya, yale yanayotiwa katika maharage ili yaive upesi. Baada ya baruti kuenea Ulaya, neno lilihama polepole, likaacha kutaja magadi, likataja shura. Magadi hayana nitrojeni, shura inayo. Kwa hiyo hata jina la Chaptal lingekuwa la uongo kama lingesomwa kwa maana yake ya kale. Limeokolewa na jambo moja: waliolitumia walikuwa wamekwisha kuisahau maana hiyo.

Fundisho kwa Kiswahili si kwamba kila tafsiri ni mbaya. Hewa ya ukaa, jina linalotumika sana kwa kaboni dioksidi, limetokana na jamii ya kaa na makaa, nalo linasema jambo ambalo makaa ya van Helmont yalikwisha kulithibitisha, na ambalo hakuna nadharia iliyolipindua. Linaitaja gesi kwa kitu itokamo. Vivyo hivyo klorini, kama Davy angeitafsiri kwa lugha yoyote, ingebaki sahihi, kwa maana rangi yake haijabadilika. Tafsiri iliyo hatari ni ile ya jina linalodai kueleza kiini cha kitu au uwezo wake wote. Waliochagua oksijeni na nitrojeni kwa sauti walipoteza uwazi, na mwalimu hulipa gharama hiyo darasani. Lakini wangeliandika kizaa-uchachu, Kiswahili kingelirithi kosa lililokwisha kufichuka mwaka 1810; na wangeliandika kisicho-uhai, mwanafunzi angelilazimika kwanza kulikana jina ndipo aielewe protini.

Uwazi uliopotea, hata hivyo, waweza kurudishwa kwa maelezo pasipo kulibadili jina. Kiswahili kina neno shura, lililotoka upande wa Uajemi na Bara Hindi, na kina neno magadi. Mwalimu mwenye maneno hayo mawili aweza kumwonyesha mwanafunzi jina hilo lilivyosafiri kutoka bonde la Misri hadi maabara za Ulaya, na ni wapi katika safari hiyo maana yake ilipobadilika.